NANI AFUNGUE SANDUKU?

Hotuba ya mwalimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambi ya Kinama, Muyinga



Kamati imenipa dakika chache niseme juu ya akiba. Sitasema namna ya kupata fedha, kwa maana kila mmoja wetu anaitafuta kwa jasho lake. Nitasema juu ya jambo linalofuata. Fedha ikisha kuwekwa, nani ana ruhusa ya kuifungua, kuitumia na kuitunza? Vikundi vingi huvunjika si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu swali hilo halikujibiwa mapema.

Jibu langu ni fupi. Fedha ya wengi ifunguliwe na mikono mingi. Fedha ya mtu mmoja ifunguliwe na mkono wake mwenyewe.

Tuanze na fedha ya wengi. Likelemba tuliijua tangu kwetu Kongo: wote wanatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Fedha hailali, kwa hiyo sanduku halihitajiki. Lakini kikundi cha AVEC kinalaza fedha karibu mwaka mzima. Utaratibu huo shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 pamoja na akina mama wa vijijini, na leo wenyeji wetu wa Gitega na Muyinga wanaufuata huko milimani kwao.

Tazameni ulivyopangwa. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Anayelaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Wawili wanahesabu, katibu anaandika. Sanduku hufunguliwa mkutanoni tu, mbele ya wote. Kabla ya kutawanyika, kiasi kilichobaki hutajwa kwa sauti ili kila mtu akishike kichwani, hata asiyejua kusoma.

Wengine watauliza: je, hatuaminiani? Ndugu zangu, kufuli haimtukani mtu mwema, inamlinda. Mweka hazina anayeshika sanduku, ufunguo na daftari peke yake, siku panya akitafuna noti moja, kambi nzima itasema amekula yeye. Atajitetea kwa ushahidi gani?

Kikundi kikikua na kwenda benki au kwenye COOPEC, kanuni ni ile ile. Mkutano uchague watia sahihi, majina yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na fedha isitoke kwa sahihi ya mtu mmoja. Sisi wakimbizi tuongeze jambo lingine, maana watu wetu huondoka. Mmoja anapelekwa Gitega kutibiwa, mwingine anaitwa safari ya mbali, mwingine anarudi Kongo. Mkiwa na watia sahihi wawili tu, na mmoja ameshapanda ndege, fedha yenu imefungiwa ndani. Kwa hiyo wachaguliwe watatu, na sahihi mbili zitoshe. Mtu akisikia jina lake limetoka kwenye orodha ya safari, wiki hiyo hiyo mkutano ukae, achaguliwe mwingine, na barua ipelekwe benki.

Na simu? Wapo kati yetu wanaoweka fedha ya kikundi kwenye Lumicash au EcoCash, katika laini iliyoandikishwa kwa jina la rafiki au la kiongozi mmoja. Jueni hili: kwa kampuni ya simu, mwenye fedha ni yule aliyeandikishwa. Mkigombana, daftari lenu halitaifungua laini hiyo. Simu ni njia nzuri ya kutuma, lakini isiwe ghala la wengi. Tena namba ya siri ni siri. Asiombwe mtoto wala jirani aibonyeze kwa niaba yako.

Sasa fedha ya mtu mmoja. Hapa nasema na akina baba wenzangu. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa mikataba mingi. Kwa hiyo hata mama aliyeuza ndizi zake mwenyewe aliulizwa benki: mume wako yuko wapi? Wengi wetu tulikimbia na desturi hiyo kichwani. Lakini sheria hiyo ilirekebishwa mwezi wa Julai 2016, na idhini hiyo ya mume ikaondolewa. Ufaransa nayo ilimruhusu mke kufungua akaunti bila idhini ya mume mwaka 1965 tu. Basi tusione aibu kubadilika. Tuone aibu kubaki nyuma ya sheria ya kwetu wenyewe.

Mama akitunza akiba yake haivunji nyumba. Ada ya daftari, sabuni na dawa ya mtoto usiku wa manane mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Mume na mke wazungumze, wapatane, kila mmoja ajue mpango wa nyumba. Lakini kupatana si kunyang'anyana kitabu cha akiba.

Kwa wageni wetu wa mashirika ninayo maombi mawili. Kwanza, msaada wa kikundi usitumwe kwenye simu ya kiongozi mmoja kwa sababu tu ndiye anayejua Kifaransa. Pili, mwaka 2001 HCR iliahidi kuwaandikisha wanawake wakimbizi kila mmoja kwa jina lake na kuwapa nafasi katika ugawaji wa chakula. Tunaomba ahadi hiyo ikumbukwe kila orodha inapoandikwa.

Kwa Kamati yetu, naomba kabla ya mwezi huu kwisha kila kikundi kilete karatasi moja yenye majibu ya maswali manne. Nani anashika sanduku? Nani wanashika funguo? Nani anaandika? Akiondoka mmoja wao, nani anachukua nafasi yake? Kikundi kisichoweza kujibu kisisubiri ugomvi, kikae Jumapili hii.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na daftari bila mashahidi ni karatasi tu.