Kata Moja ya Maji: Mazungumzo juu ya Ukimwi na Kinywa

Ndugu Wenyeviti, ndugu wanachama wa vyama vya msingi,

Katika msimu wa korosho, kuanzia Madimba hadi Msimbati, twala sinia moja na kunywa kwa kata moja. Mahali pengine mwanachama mwenye virusi vya Ukimwi hutengewa kikombe chake, naye kwa aibu huacha kuja ghalani. Kumtenga hivyo ni dhuluma isiyo na sababu.

Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo utaalamu umethibitisha kwamba mate hayaambukizi virusi hivi. Kikombe, kijiko na chakula cha pamoja havina hatari. Busu vilevile, isipokuwa wote wawili wawe na vidonda au fizi zitokazo damu. Na hata hapo ni nadra mno.

Kujamiiana kwa kinywa kuna hatari ndogo sana, lakini ipo, hasa shahawa au damu vikigusa kidonda kinywani. Kondomu huipunguza, na mwenye vidonda na angoje apone. Aliyeshuku kuambukizwa awahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kinga.

Tena, anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku, hata vipimo visivione damuni, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Basi, ndugu, tupime afya zetu, na kata ibaki moja.