Tumbo Likigoma, Pima Pia Sukari
Hapa Kawangware 56, mtu anayeshiba kwa vijiko vitatu vya githeri, kisha jioni akatapika chakula cha mchana, huambiwa ana vidonda vya tumbo, akaenda kemisti kununua dawa ya asidi. Mimi nasema tuulize pia kuhusu neva. Tumbo husaga na kusukuma chakula kwa msaada wa neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni. Sukari ikikaa juu kwa miaka, neva hiyo huumia, na chakula hukaa tumboni kwa saa nyingi. Upasuaji wa tumbo, mofini na ugonjwa wa Parkinson pia vinaweza kuleta hali hiyo. Na wapo wengi ambao chanzo chao hakipatikani.

Utasema vidonda vimejaa mtaani. Kweli, na ndiyo maana daktari huingiza kamera kwanza, ahakikishe hakuna kidonda wala kizuizi. Lakini kutoboa kidole kupima sukari huchukua dakika chache tu. Na anayejidunga insulini yumo hatarini zaidi: dawa hutangulia chakula, sukari ikaporomoka, kisha baadaye ikapanda. Mweleze daktari kuhusu kutapika huko kabla hujagusa dozi.