Lehemu, Kidonge na Sahani ya Wali

Msikilizaji wa Bujonde, ukiambiwa lehemu imepanda, usikimbilie kidonge wala usikikimbie. Dawa za statini hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini. Ni kweli huongeza kidogo hatari ya kisukari: uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuta kwamba watu 255 wakizitumia miaka 4, mmoja zaidi hupata kisukari. Lakini aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo asiziache. Faida yake ni kubwa mno.

Ambaye hajafika huko, aanzie jikoni. Mawese yetu ni matamu, ila karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha lehemu. Pima kwa kijiko, usimimine. Punguza wali, ongeza maharage na mboga. Tembea. Na kabla ya kuanza au kuacha dawa, nenda kapime sukari, uzungumze na daktari.