Saruji Isiyoonekana: Maswali ya Kuuliza Kabla Kisima Hakijafukiwa

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika, iliyotolewa Kipili, wilaya ya Nkasi



Mada niliyopewa ni visima na utunzaji wa uumbaji. Najua wengi mlitegemea niongelee pampu, vipuri na michango ya watumia maji. Hayo tumeyazungumza mara nyingi. Leo naomba tuongee juu ya kitu ambacho hakuna anayekiona kisima kikishakamilika, yaani saruji iliyoko kati ya bomba na udongo, pamoja na viungo vinavyochanganywa ndani yake.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na fedha za kuchimba visima viwili katika sharika za huku juu Ufipa. Tulitamani vifike vitatu, kwa sababu katika taarifa tunayoipeleka kwa wafadhili, vitatu vinapendeza kuliko viwili. Mkandarasi alitushauri tupunguze saruji ya kuziba sehemu ya juu kuzunguka bomba, tujazie vifusi vilivyotoka shimoni. Alisema hakuna atakayejua. Kweli, hakuna aliyejua, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Visima vitatu vikazinduliwa kwa vigelegele.

Masika yalipokuja, maji ya kisima kimoja yakawa na rangi na harufu. Maji ya juu, yaliyopita kwenye zizi la ng'ombe, yalikuwa yanateremka pembeni mwa bomba moja kwa moja hadi chini. Tulipopima tukakuta vijidudu vya kinyesi. Watoto waliharisha. Tunamshukuru Mungu hatukupoteza mtu, lakini tulifunga pampu, tukafukua kuzunguka bomba, tukaziba upya kwa saruji, tukatibu kisima kwa klorini na kupima tena. Gharama hiyo ilizidi sana thamani ya saruji tuliyoibana.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba kisima hakilindwi na bomba peke yake. Kinalindwa na saruji inayolizunguka.

Kwa nini nalileta jambo hili hapa Kipili, mwambaoni? Ni kwa sababu kila nikishuka huku, wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa wananiuliza: je, ni kweli mafuta yatachimbwa ziwani? Tuseme yanayojulikana. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili katika bonde la Rukwa, Galula na Ivuna, bila kupata mafuta ya kuuza. Mwaka 2010 kampuni ya Beach ya Australia ilipewa kitalu cha kusini mwa Ziwa Tanganyika, ikapima chini ya ziwa kwa mitetemo, kisha ikaondoka bila kuchimba. Kuanzia mwaka 2021 kampuni ya Helium One imekuwa ikichimba visima katika bonde la Rukwa kutafuta gesi ya heliamu. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ilitangaza mnada wa vitalu mwezi Julai 2022, vikiwamo vya bonde la Tanganyika, kisha ikaufuta Oktoba 2024. Kwa jirani zetu Uganda, mafuta yaligunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na mwaka 2023 uchimbaji wa visima vya uzalishaji ulianza. Katika eneo la Tilenga peke yake vimepangwa visima zaidi ya 400.

Kwa hiyo sisemi mafuta yanakuja kesho. Nasema wachimbaji wamekwisha kupita kwetu, na wanaweza kurudi. Wakirudi, tusiwe watu wa kuuliza ajira na barabara tu.

Kisima cha mafuta au gesi hujengwaje? Mtambo huchimba hatua kwa hatua. Kila hatua bomba la chuma huteremshwa, kisha uji wa saruji husukumwa ndani ya bomba hadi chini, ukageuka na kupanda kwa nje, kati ya chuma na mwamba. Ukiganda, huzuia gesi, mafuta na maji ya chumvi yasipande na kuingia katika maji baridi yaliyo juu. Ni kazi ile ile ya saruji ya kisima chetu cha usharika, ila huku ni mita sita na kule ni mita elfu mbili au tatu.

Tofauti hiyo ya kina ndiyo inayoleta viungo. Kadiri unavyoshuka, joto huongezeka, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Fundi wetu anajua kwamba saruji huganda haraka zaidi kukiwa na joto. Kwenye kisima kirefu ingeweza kuganda ikiwa bado iko njiani. Hivyo huongezwa dawa ya kuichelewesha, nyingi zikitokana na mabaki ya kutengeneza karatasi kutoka kwenye miti. Hata sukari huchelewesha saruji, na fundi aliyewahi kumwagikiwa na sukari kwenye zege atawathibitishia. Kwenye hatua za juu, ambako kuna baridi, huongezwa kloridi ya kalsiamu ili igande upesi.

Viungo vingine ni vya uzito. Uji ukiwa mwepesi mno, gesi huusukuma na kupenya. Ukiwa mzito mno, hupasua mwamba na kupotelea humo. Bentonaiti, ambayo ni aina ya udongo wa mfinyanzi, hutumika kuupunguza uzito, na unga wa jiwe zito la baraiti hutumika kuuongeza. Viko pia vya jamii ya selulosi, vya kuzuia maji ya uji yasinyonywe na mwamba kabla saruji haijakomaa. Panapozidi nyuzi 110 hivi, huongezwa unga laini wa silika, maana bila huo saruji iliyokwisha kuganda hupoteza nguvu. Mwisho kuna dawa ya kuua povu, kwa sababu mapovu yakibaki ndani uji haupimiki sawasawa.

Mama anayesonga ugali ananielewa. Unga, maji na moto ni vile vile kila siku, lakini kipimo kikikosewa hakuna ugali. Tofauti ni kwamba ugali mbovu unauona mezani, na saruji mbovu imefukiwa.

Hapa nitatoa mfano wa mbali, kwa sababu ndio uliochunguzwa kwa kina kuliko yote. Tarehe 20 Aprili 2010, kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko, Marekani, kililipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakatiririka baharini kwa siku 87. Tume ya Rais iliyochunguza ilikuta kwamba saruji ya chini ya kisima haikuzuia mafuta na gesi. Uji uliotumika ulikuwa wa povu, yaani umetiwa gesi ya naitrojeni ili uwe mwepesi. Saruji kavu iliyotumika ilikuwa imebaki kutoka kisima kingine, na tayari ilikuwa na dawa ya kuua povu ndani yake. Fikirini jambo hilo: unatengeneza povu kwa saruji yenye dawa ya kuliua. Aidha, vipimo vya maabara kabla ya siku hiyo vilikuwa vimeonyesha kwamba mchanganyiko haukuwa imara, lakini kazi ikaendelea.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka visima vyangu vitatu. Wao walikuwa na maabara, mitambo na wataalamu, nasi tulikuwa na koleo na mikokoteni. Kishawishi kilikuwa kile kile: tumia kilichopo, wahi, hakuna atakayeona.

Baada ya saruji kuna kundi la pili, nalo ni maji ya kutibu kisima. Mwamba ukiwa umeziba, wachimbaji husukuma asidi ili kufungua njia. Pamoja na asidi huongeza dawa ya kukinga chuma kisiliwe, dawa ya kuua bakteria, na vitu vya jamii ya sabuni. Sehemu ya maji hayo hurudi juu, yakiwa yamebeba pia chumvi na uchafu wa chini. Swali kubwa si tu nini kiliingia, bali kilichorudi kilipelekwa wapi. Lori moja likimwaga usiku kwenye korongo linaloelekea ziwani, hakuna saruji nzuri itakayotusaidia.

Na ziwa letu si la kufanyia majaribio. Lina kina cha mita 1,470, nalo limebeba takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo katika maziwa na mito ya dunia. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji hukaa ziwani kwa mamia ya miaka kabla ya kubadilishwa. Kitakachoingia leo, wajukuu wa wajukuu zetu watakikuta. Dagaa na migebuka ndio mboga yetu, ada ya shule na sadaka yetu.

Sheria zipo. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda PURA kusimamia shughuli za utafutaji na uzalishaji. Lakini mkutano wa hadhara usiokuwa na maswali huisha kwa makofi na soda.

Kwa hiyo naomba kila kamati ichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, wajifunze maswali haya matano na kuyauliza kwa heshima pasipo kuchoka:

1. Maji baridi yanaishia mita ngapi chini, na bomba lenye saruji litapita hapo kwa kiasi gani?
2. Ni viungo gani vitatumika katika saruji na maji ya kutibu, na orodha yake itawekwa wapi ili wananchi waione?
3. Nani atapima saruji kabla na baada ya kuimimina, na majibu yakiwa mabaya nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi?
4. Maji na tope vinavyorudi juu vitahifadhiwa wapi, na vitasafirishwa na nani?
5. Visima vyetu na ufuko wetu vitapimwa kabla ya kazi kuanza, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha?

Swali la tano tusisubiri kampuni. Tuanze sisi kupima visima vyetu na kutunza majibu katika daftari la usharika.

Kwa wabia na wafadhili wetu nina neno moja, nalo nalisema kwa shukrani na upendo. Msituulize tu tumechimba visima vingapi. Tuulizeni tumeviziba kwa nini, na maji yalipimwa lini. Mkituwekea fungu la saruji na upimaji katika bajeti, mtatuokoa na kishawishi kilichonishinda mimi. Visima viwili salama ni zawadi kubwa kuliko vitatu vyenye vigelegele.

Bwana wetu alifundisha juu ya mjenzi aliyechimba hadi kwenye mwamba kabla hajajenga. Msingi wake haukuonekana na mtu hadi mafuriko yalipokuja. Tuwe wajenzi wa namna hiyo, na tuwadai wengine wajenge hivyo.

Mungu awabariki, alibariki na ziwa letu.