Mwalimu wa Uongozi Naye Aende Ghalani
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lindi)



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya uongozi katika vyuo vikuu, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nitasema jambo moja tu, maana pilau inanukia. Masomo hayo hayamwingii mwanafunzi mpaka yeye na mwalimu wake wawe na shughuli ya kweli mbele yao, yenye fedha za watu.

Nchi yetu ililijua hilo mapema. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963 ili kupata watu wa kuendesha vyama vya wakulima. Mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Mzumbe nayo ilianza mwaka 1953 kwa kufunza watumishi wa serikali za mitaa. (Kilwa Kisiwani walikuwa wamepiga sarafu zao karne nyingi kabla, kwa hiyo hesabu si jambo geni pwani hii.)

Siku hizi mwanafunzi hupelekwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mjini, akatumwa chai. Mwalimu wake huja mara moja, anatia sahihi daftari, anawahi basi. Nimeyaona kwa macho yangu.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho za Kusini, na ufuta ukafuata. Mkulima wa Kilwa hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, ukapimwa, ukaenda ghala kuu, ukauzwa mnadani chini ya Chama Kikuu cha Lindi Mwambao. Bei hutajwa, na wakulima wenyewe mkutanoni huikubali au kuikataa. Kisha huja makato: usafiri, magunia, ushuru wa halmashauri, fedha za chama. Hapo ndipo pagumu. Mkulima asiyeelezwa makato hujiona ameibiwa, hata siku ambayo hakuibiwa, na msimu ujao anauza kwa kangomba usiku.

Nataka mwanafunzi akae msimu mzima wa ufuta, ambao huangukia katikati ya mwaka, karibu na likizo ndefu. Aandike makato yale kwa Kiswahili chepesi, ayasome mkutanoni, aulizwe. Mhadhiri wake akae naye. Akiulizwa na mzee wa Njinjo, "Shilingi hii imekwenda wapi?", atakuwa na la kufundisha mwaka mzima.

Wapo wanaodhani kijana hana haki ya kuuliza. Mwaka 1971 pale Mlimani, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi juu ya namna chuo kilivyoendeshwa. Akaondolewa chuoni mbele ya askari. Naona wanafunzi walikuwa na hoja. Kamati za chuo ni sehemu ya somo lenyewe, na asiyewahi kuhoji hesabu za bweni lake hatajua aanzie wapi na hesabu za ghala.

Wamo humu wenzetu wanaoongoza vyama vya msingi. Tukutane chini ya mwembe baada ya chakula, kila mmoja aje na jina la ghala lake na idadi ya vijana anaoweza kuwapa malazi. Barua ya kwenda vyuoni nimekwisha iandika, imebaki nafasi ya majina.