Mtetea Hana Hatia



Wapo wanaofundisha kwamba kuku aliyeonja yai ameharibika, achinjwe kabla hajawaambukiza wenzake. Wengine huongeza kuwa wa kuogopwa zaidi ni yule anayeatamia, maana anashinda juu ya mayai. Naomba tulikabili fundisho hili, kwani limemaliza kuku wengi wazuri.

Nianze na anayeatamia. Homoni ya prolaktini ikipanda, hamu yake ya kula hushuka. Kwa siku 21 huinuka kiotani kwa kitambo kidogo, mara nyingi mara moja tu kwa siku, akala, akanywa, akajisaidia, akarudi. Hukonda tukimwona. Anayejinyima hivyo kwa ajili ya mayai tumshitaki kwa ulafi wa mayai yayo hayo?

Tuje kwa anayetaga. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Kulijenga huchukua takriban saa 20, nyingi zikiwa za usiku, kuku akiwa amelala. Kalsiamu ikipungua katika chakula, huichota kwenye mifupa yake, na bado ganda hutoka jembamba. Likipasuka, aliyelionja atalitafuta tena, na wenzake wataiga. Hilo nakiri, na mazoea hayo yakikomaa ni magumu kuyavunja. Lakini ufa hutangulia mdomo.

Nilikuwa na miaka tisa bibi aliponituma kumvizia kuku wake mwekundu wa aina ya kishingo. Nililala kifudifudi nyuma ya gunia la pumba. Nyasi za kiota zilikuwa zimekwisha. Yai likagonga ubao, ko! Ufa ukajichora, ute ukachuruzika. Kuku akalitazama kwa jicho moja, kisha jingine, ndipo akadonoa. Nikakimbia kusema: "Bibi, anakula!" Habari ya ubao sikuitaja. Usiku ule tulimla.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imekatika mgongo mezani kwangu kwa kufunguliwa. Humo kuku ana majina mengi: kifaranga, pora, mtetea, tembe, koo. Mtetea! Kutetea ni sauti ya kuku wa kutaga, na ndiko pia kumsemea anayeshitakiwa. Kila nikilisoma neno hilo hunirudisha nyuma ya lile gunia.

Wanataaluma wenzangu watanikumbusha msongamano, mwanga mkali na uhaba wa viota. Ni kweli, na vyote hivyo ni kazi ya mikono yetu. Mpeni kiota chenye giza na maranda tele, mpeni kalsiamu, okoteni mayai mapema. Mimi naamini hakuna kuku anayeanza na yai zima.

Jirani yangu aliniletea mmoja aliyehukumiwa kwa kosa hilo. Leo ana siku ya 14 juu ya mayai 11. Asubuhi, alipotoka kunywa maji, niliyahesabu. Yalikuwa 11.