Majani Mekundu ya Mwembe
Msikilizaji, ukipita chini ya mwembe unaochipua, tazama ncha za matawi. Majani machanga ni mekundu kama shaba, laini, yananing'inia kama nguo iliyoloa. Wengi hudhani mti unaumwa. Hauumwi.

Jani changa bado halina umbijani wa kutosha, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga ili mmea utengeneze sukari kwa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Jua kali lingeliunguza. Wekundu ule huwa mwavuli wake, na kule kuning'inia hulikinga na jua la utosini. Wakati huo hulishwa na majani ya zamani, kama mtoto anayenyonya. Likishakomaa, likawa gumu na la kijani kibichi, nalo hulisha wenzake.

Hata jani lililokomaa lina siku ngumu. Kiangazi, udongo ukikauka, hufunga vitundu vyake vidogo mno lisipoteze maji. Hapo hewa ile ya kaboni dayoksaidi haiingii vya kutosha, na sukari hupungua saa zilezile jua linapowaka. Kwa hiyo, ndugu mkulima, miche ya miembe iwekee matandazo shinani ili udongo usikauke upesi, ila yasiguse gome. Na yale majani mekundu, tafadhali, usiyakate.